Mbegu ya Bwawa

Mjini walimwita Malkia, na kila mtu alijua ni malkia wa nini. Maji yote ya vyoo na majiko ya mji ule yaliishia kwake, kwenye mabwawa ya zege nyuma ya uzio wa waya, na alikuwa ameyasimamia tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii. Jina hilo halikumuudhi. "Mnaniletea ushuru kila asubuhi," aliwaambia sokoni, "tena hamkosi siku."

Kazi yenyewe haifanywi na mtu. Hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula uchafu majini mradi vipate hewa. Malkia alivifuga kama mwingine afugavyo kuku. Basi umeme ulipokatika wiki nzima na pampu za hewa zikanyamaza, vikafa vyote. Kutoka mabwawani kwenda chini mto ukawa mweusi, una povu, unanuka mayai viza.

Huko chini, kwenye mawe aliyoachiwa na mama yao, dada yake alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni. Alikuja na shuka moja, akalitupa juu ya meza ya Malkia.

"Nusa."

"Dada, subiri kwanza..."

"Nusa, nakwambia! Mwezi ukiisha nayaacha mawe ya mama. Na aliyenihamisha ni wewe, si mwingine."

Umeme ulikuwa umerudi, lakini vijidudu haviwashwi kwa swichi. Vikiachwa vizaliane vyenyewe, miezi ingepita. Malkia aliijua njia ya mkato, ila ilipitia mji jirani, ule ambao watu wake wakikufunga bao hukuimbia mpaka msimu mwingine. Akaazima pikapu ya halmashauri na dereva wake, akapakia mapipa, akaenda kuomba tope hai, lenye vijidudu vya kuwa mbegu.

Msimamizi wa mabwawa ya huko alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Jamani, njooni! Wamekuja kuomba mavi! Kwani yenu yameisha?"

"Yapo tele, kaka. Waliokufa ni walaji. Nijazie, utacheka nikishaondoka."

Akamjazia, maana mfugaji humjua mfugaji. Ila alimwonya: tope likikosa hewa njiani, utafika na maiti. Kwa hiyo Malkia hakukaa mbele. Alisimama nyuma na mti mrefu, akakoroga pipa hili na lile njia nzima kama mpishi wa bweni, kila shimo la barabara likimrushia matone. Watu vituoni walimpungia mkono. Upepo ulipogeuka, mkono uleule ukaziba pua.

Alipofika akalimwaga tope bwawani, akawasha pampu, akangoja. Maji ya kijivu yakaanza kuwa kahawia, rangi ya afya. Kisha asubuhi moja, katika bwawa la mwisho, akaiona ngazi ya chuma ndani ya maji hadi kipandio cha chini kabisa. Maabara ilipima, ikasema maji ni safi ya kutosha kurudi mtoni.

Mwezi haujaisha, dada akaja na shuka lile lile. Hakusalimu. Alilisukuma usoni pa mdogo wake.

"Nusa."

Malkia akanusa. Sabuni na jua, basi.

"Kumbe wale jirani walitufunga mabao, na mavi wakatugawia," dada akasema, akijizuia kucheka.

"Bora mavi, dada, yametufaa. Mabao hatukuyarudisha."

"Haya, usijisifu. Wateja wamerudi wote, kamba zangu zimejaa. Huu uzio wako mrefu una kazi gani?"

Mchana ule mashuka meupe yalipepea juu ya uzio kuzunguka mabwawa ya vyoo, upande hadi upande, na mji mzima ukapita kuyatazama. Malkia alisimama langoni, mti wake wa kukorogea mkononi, akipokea salamu moja moja.