Siku Niliyomkuta Msimamizi Wangu Mnadani

Lahaula! Nilimwona kwa mgongo kwanza, ameinama anapapasa nundu ya fahali katikati ya mnada wa Garsen, nikasema haiwezekani. Akageuka. Alikuwa yeye, profesa anayesimamia tasnifu yangu ya uzamifu, mtu niliyekuwa nangoja neno lake mwaka mzima. Kumbe amekuja kutafuta fahali wa harusi ya bintiye. Mimi nilikuwa nimemletea chai mjomba wangu, dalali wa mifugo.

Nikamwamkia kwa heshima zote. Akanikodolea macho.

"Wewe! Kumbe uko? Pole, nilisikitika ulipoacha masomo."

"Nani ameacha, mwalimu?"

"Si ulinyamaza? Nimeshaiandikia idara wakufute."

Nilikuwa nimempelekea sura tatu, akanijibu, "Nitakujulisha." Basi nikangoja. Kwetu mkubwa akishakuambia ngoja, humwendei tena. Ni sawa na kumwambia usoni kwamba amesahau. Nilinyamaza kwa adabu, yeye akahesabu nimeshindwa. Wallahi nilitaka kupiga kelele, na nadhani nilipiga, maana mjomba alikuja mbio.

Akasikiliza, akasonya. Kisha akafanya kama afanyavyo muuzaji na mnunuzi wanapokwama kwenye bei: akaunyakua mkono wa profesa, akaunyakua wangu, akavibana viganja vyetu pamoja ndani ya vyake. Pale mnadani huachiwi mpaka mkubaliane, na neno ulilolisema ukiwa umeshikwa halirudi nyuma. Wachungaji wakaanza kusogea.

"Mzee, hii kazi ya mtoto wangu unasoma lini?"

"Mwezi ujao nitajaribu kuangalia..."

"Ah-ah! Hiyo bei ya mchezo."

Profesa jasho likamtoka. Kwa mkono uliobaki akatoa simu, akapiga idarani kwa spika mbele ya watu na ng'ombe: ile barua yake waitupe, mwanafunzi yupo, sura zake atazisoma wiki hii. Nikaanza kupumua. Ndipo sauti ya upande wa pili ikauliza, "Sawa, lakini yeye mwenyewe atakabidhi lini?"

Wote wakanigeukia. Subhanallah! Muda wote ule namlaumu huyu mtu, na siku ya kumaliza sijawahi kujiwekea, wala hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mwisho wa mwezi wa kumi," nikasema, machozi yananitoka.

Mjomba hakuniachia. "Sema tena," akasema, "wasikie."