Kitambaa Chenye Mapunye

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, kiwandani wanamwita Vidoti. Hata meneja akimtaka husema, "Niitieni Vidoti," na mwenyewe huitika bila kununa. Kazi yake ni kuchora vidoti vya vitambaa, vya mapazia, vya magauni, vya foronya. Mimi nasimamia mashine ya kuchapa. Anachokichora yeye kwenye kompyuta ndicho ninachokimwaga mimi kwenye kitambaa.

Mtu akiniambia kuchora vidoti ni mchezo wa watoto, namwambia thubutu, kaa pale ujaribu. Kwanza wifi huchovya kizibo kwenye wino akagonga karatasi. Kimoja kinatoka kinene, kingine kimebonyea ubavu, kingine kina kimkia. Karatasi anaiskani, anaifungua kwenye programu ya picha, anakata kidoti kimojakimoja na kukipanga ndani ya mraba. Mraba huo tunauita kigae. Mashine yangu hukirudia kigae hichohicho, ubavu kwa ubavu, mpaka roli iishe. Balaa liko ukingoni. Kidoti kilichokatwa kulia, nusu yake lazima ichomoze kushoto, la sivyo mshono utaonekana kitambaa kizima. Basi wifi hukisukuma kigae nusu kwenda kando na nusu kwenda chini, kingo zote zije zikutane katikati, halafu anajaza vidoti pale palipobaki wazi. Akimaliza, utafute mshono kwa tochi, huuoni.

Na ana masharti yake. Vidoti visipangwe kama askari, visilingane, na kisiwepo hata kimoja chenye sura ya peke yake. "Maana huyo," husema, "atajirudia kote, kama yule ndugu anayechomoza kwenye kila picha ya harusi." Wifi ana mdomo, na mimi ninao, ndiyo maana tumepatana tangu aolewe kwetu.

Ikaja oda ya mapazia ya hoteli. Vidoti vya buluu juu ya nyeupe, vimetawanyika kama mtu aliyekung'uta brashi. Nikachapa. Kitambaa kikiwa mashineni kinapita mbio na rangi mbichi, huoni kitu. Kilipokauka kikatandazwa kwenye meza ya ukaguzi, jamani! Palikuwa na upara wa ukubwa wa kiganja, bila kidoti hata kimoja, halafu upara mwingine, halafu mwingine, zimejipanga mstari toka mwanzo wa roli hadi mwisho.

"Hiki nini?" meneja akauliza. "Kitambaa kimepata mapunye?"

Wifi akaitwa. Akainama, akatazama, akasema, "Sioni kitu."

Nilidhani anatania. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya upara. Akageuza shingo upande, akautazama kwa jicho moja kama kuku, na hapo ndipo akauona. Halafu, mbele ya meneja, bila hata kunitazama, akasema, "Mashine yake imeruka rangi."

Mimi! Damu ilinichemka. Mashine ile naisafisha kuliko ninavyowaogesha wanangu. Nikamvuta mkono mpaka kwenye kompyuta yake, nikakifungua kigae. Upara ulikuwepo palepale, kushoto kidogo ya katikati.

"Haya! Mashine yangu imeingia humu saa ngapi?"

Akaikazia macho skrini. "Vimejaa, wifi," akasema. "Mbona hapa vimejaa?"

Hakuwa anabisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa, na hasira zangu zikaisha palepale. Nikaogopa na mimi.

Ndipo mambo yakaanza kunijia. Bega lake la kushoto lina alama za kuvilia damu, kila siku anagonga fremu ya mlango. Anaweka kikombe, kinakosa meza. Anawafokea watoto kwamba wanaacha viti njiani, na viti viko mahali pake. Kaka yangu naye analalamika kwamba mkewe ameota kiburi, anampita barabarani bila salamu.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nikamwambia.

"Simfichi mtu! Nasoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti." Na kweli akayasoma, yote, bila kukosea.

Meneja hakutaka hadithi. Alisema alete cheti cha daktari wa macho kinachosema anaona, la sivyo kile kiti kina watu wanakisubiri. Alisema vile mbele ya wote, mtu aliyemkuta wifi kazini! Sina hamu naye hadi leo.

Njiani kwenda hospitali wifi alinishika kwapani. "Wakininyang'anya vidoti nitabaki nani mimi? Mke wa kaka yako tu."

"Na kaka yangu ana ubaya gani?"

"Anakoroma."

Tukacheka mpaka tukasimama. Hatukucheka tena siku ile.

Mpimaji alikuwa binti mwenye koti la buluu. Akamkalisha wifi mbele ya mashine yenye bakuli jeupe, akamwegemeza kidevu, akamziba jicho moja, akampa kitufe mkononi. Akamweleza kwamba atazame katikati tu, asihangaishe jicho, na kila akiona kidoti cha mwanga, popote pale, abonyeze.

"Vidoti?" wifi akasema. "Hapo binti umenifikisha kwetu."

Nilikaa kwenye benchi nyuma ya mpimaji, skrini yake naiona. Mwanga unawaka kulia, wifi anabonyeza, tik. Unawaka juu, tik. Ukawaka kushoto, kimya. Ukawaka tena kushoto, mkali zaidi, kimya. Kimya. Nikajikohoza kumshtua, mpimaji akanikata jicho. Jicho la pili likawa vilevile, tena upande wa chini wote hakubonyeza hata mara moja.

Akatoka anatabasamu. "Rahisi. Nimevinasa vyote."

Daktari akatueleza taratibu, mzee wa watu. Alisema presha ya ndani ya jicho imekuwa ikiua mshipa wa kuonea kidogokidogo, bila maumivu. Alisema mgonjwa haoni giza. Palipokufa ubongo unapaziba kwa kunakili kilichopo jirani, kwa hiyo anaona pamejaa. Kilichokufa hakirudi. Atapewa dawa ya matone ilinde kilichobaki, na kilichobaki si kingi.

"Cheti je?" wifi akauliza.

"Siwezi kukuandikia hicho, mama."

"Mashine yenu mbovu. Nipimeni tena."

Daktari akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye wa kumkataza. Ningemkatazaje? Akamrudisha kwa mpimaji.

Safari hii nilisimama nyuma yake, nikamwekea mkono mgongoni. Gauni lilikuwa limelowa jasho. Alikishika kitufe kwa mikono miwili, kidevu juu ya kile kiegemeo, macho wazi kabisa. Akabonyeza. Tik. Akabonyeza tena, tik, tik, haraka, bila kusita, bila kukosa hata kimoja. Nikasema Mungu wangu, anaviona, walikosea, anaviona vyote.

Nikageuka kumtazama mpimaji. Skrini yake ilikuwa tupu. Alikuwa bado anaandika jina.

"Mama," akasema kwa upole, "sijawasha bado."

Wifi akabonyeza tena.