Majani Niliyoyaacha Shambani

Shamba langu la Idete lilichoka hadi mahindi yakagoma. Nikapanda migomba na mbaazi zinazodumu miaka, na kila jani lililoanguka nikaliacha lioze, ili udongo urudie weusi wake. Miaka mitatu sikuchoma kitu. Majirani waliniita mvivu.

Huku kwetu watu husafisha mashamba kwa moto kabla ya mvua. Mchana mmoja nikaona moshi upande wangu. Nikakimbia na ndoo ya maji, maji yakimwagika njiani. Yale majani niliyoyatunza sasa yalikuwa kuni. Niliyasikia yakilia kabla sijayaona. Nikamtukana aliyewasha, kwa sauti, matusi ya nguoni.

Akatokea kwenye moshi na tawi bichi mkononi, akiuchunga moto usivuke mpaka wa jirani. Alikuwa mama yangu, aliyetoka Namawala asubuhi bila kuniambia.

“Shikamoo mama,” nilisema.

“Marahaba. Nilisikia watu wanakusema,” alijibu akijifuta jasho. “Nimekuja kukusafishia, mwanangu. Ule upande wa pili tutamalizia kesho.”