Kiti cha Mama kwenye Ndege ya Waamerika

Harufu ya siki ikimwagwa juu ya chips za moto inanirudisha moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma cha gari ya mjomba wangu, Tonton Kizito. Nina miaka tisa, vidole vinang'aa mafuta, na mama yangu pale mbele anaangalia saa kama mtu anayechunga sufuria ya maziwa. Siki yenyewe haijanikosea kitu. Ninayoichukia ni kampuni moja kubwa ya ndege ya Waamerika. Jina silitaji, maana wao wana mawakili na mimi nina chanuo tu.

Tulikuwa tunakaa Berea, mtaa wa jiji moja kusini kabisa mwa Afrika, chumba kimoja ndani ya fleti ya familia tatu. Mama alikuwa msusi, saluni yake karibu na Joubert Park. Mdogo wake, Tantine Furaha, alishahamia Amerika, na Jumamosi ya wiki ile alikuwa anaolewa. Bibi yangu alikuwa ameshafariki Bukavu, kwa hiyo mama yangu ndiye alitakiwa kusimama mahali pa mama mzazi, amshike bibi harusi mkono, amkabidhi. Visa aliihangaikia mwaka mzima. Kitenge cha harusi alikishona na kukifumua mara tatu, akilalamika kwamba kinamfanya aonekane godoro lililofungwa kamba.

Alhamisi tukatoka kwenda uwanja wa ndege. Njiani nikaona duka la chips, nikaanza kulia njaa. Kwenye kulia nilikuwa fundi. Ningekuwa nalipwa, tungehama Berea.

"Zawadi, weye!" mama akasema. "Tumbo yako itatumaliza siku moja."

"Dakika mbili tu, yaya," akasema Tonton Kizito, mdogo wake mama (yaya kwetu ni dada mkubwa), ambaye hata yeye alikuwa hawezi kupita chakula bila kukisalimia.

Kulikuwa na foleni. Dakika mbili zikazaa, zikawa ishirini.

Hata hivyo tulifika kaunta ikiwa bado wazi, na watu wawili watatu bado wanapima mizigo. Mama Kiingereza chake kilikuwa cha saluni tu, kinaishia kwenye rangi na urefu wa rasta, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Dada wa kaunta, kucha ndefu nyekundu, alibonyeza mashine yake, akabonyeza tena, halafu akaniambia mimi, si mama: ndege imejaa, mama yako amekuja wa mwisho, na wa mwisho ndiye anayebaki.

Hebu fikirieni. Miaka tisa, mdomo bado una chumvi, unaambiwa umtafsirie mama yako hukumu ambayo mwenye kosa ni wewe. Nilitafsiri. Neno "wa mwisho" nililisema polepole sana, nikidhani likitoka polepole litaumiza kidogo.

Mama aliweka tikiti juu ya kaunta. "Mwambie, miye nasuka nywele. Kwangu kiti kimoja, kichwa kimoja. Nikiitia vichwa viwili kwa kiti kimoja, watanipiga na kiti chenyewe."

Nikatafsiri. Yule dada akacheka vizuri tu, akatupa karatasi ya kuomba radhi yenye nembo ya kampuni, na kuponi ya chakula. Kuponi ya chakula! Nafasi nyingine, akasema, ni Jumamosi jioni. Yaani mama atapaa wakati bibi harusi ameshakuwa mke wa mtu.

Hakwenda. Jumamosi alivaa kitenge chake, akafunga kilemba, akakaa kitandani mbele ya simu. Kule Amerika mke wa mchungaji, mtu wa kuazima tu, alimshika Tantine mkono. Picha ilikuwa inakwama kila dakika. Ilipofika pale pa kumkabidhi, ikakwama kabisa, mkono wa yule mama ukiwa hewani. Mama akaitikia "Amina" kwa picha isiyotembea.

Baada ya hapo fleti nzima ikaniita Mademoiselle Chips, yaani Binti Chips. Tonton Kizito, ambaye alikula nusu ya zile chips, ndiye aliyelianzisha jina hilo. Nilicheka nao. Kucheka niliko nako leo nilijifunzia pale: ukitangulia kucheka, watu hawachimbi.

Shule niliishia darasa la saba, nikaingia saluni. Mwaka jana nilikuwa namsuka Auntie Njeri, Mkenya mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za ndege za Waamerika hapa mjini. Nikamchekesha na hadithi ya chips. Hakucheka.

"Wewe, hiyo si kuchelewa," akasema. "Viti vikiwa mia, sisi tulikuwa tunauza mia na kitu. Tunajua kuna watu hawatokei. Wakitokea wote, lazima mtu arudi nyumbani."

"Mnauza kitu hamna?"

"Kampuni zote kubwa za huko. Zamani walificha kabisa, mpaka abiria mmoja akawapeleka kortini. Siku hizi wanatafuta kwanza wa kujitolea. Wakikosa, wanachagua. Aki, usivute hivyo!"

Nilikuwa nimevuta. Nilimvuta mpaka nyusi zikapanda. Akanieleza zaidi: hizo kampuni zinafilisika, zinamezana, zinabadilisha rangi, lakini huo mchezo hawauachi. Mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Tungefika mapema, angebaki mama wa mtu mwingine, na mtoto mwingine angetafutiwa kosa lake.

Jumapili nikamweleza mama. Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunjo.

"Basi nilikukasirikia bure," akasema.

"Ulinikasirikia? Miaka yote hiyo?"

"Hapana. Jumamosi-Jumamosi tu."

Nikakumbuka Jumamosi zetu. Vile alivyokuwa ananisuka bila kuzungumza, mkono mgumu kuliko siku nyingine, na mimi nikidhani ni uchovu wa wiki. Kiti, watu wa ndege walikiombea radhi, tena kwa karatasi yenye nembo. Jumamosi zangu, mpaka leo hakuna aliyeniandikia radhi.