Wivu wa Salamu

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa mhudumu katika nyumba ya vijana wagonjwa wa akili, nje kidogo ya Njombe. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na cheti changu nilikibandika ukutani juu ya kitanda. Nadhani ndicho kilichozuia baridi, maana Juni ya kwetu humgandisha mtu neno mdomoni akalimalizia Septemba. Kwa cheti kile nilitegemea wagonjwa wanipende kuliko mhudumu yeyote Tanganyika nzima. Wakampenda Mkinga.

Mkinga alikuwa mhudumu mwenzangu, mtu wa Makete, mrefu, mpole, na cheti chake pekee kilikuwa cha ubatizo. Tulikuwa na kijana mmoja wa Kibena, miaka kumi na sita au saba hivi, mabega kama mlango wa kanisa. Akikasirika tulihitajika wanaume wanne na blanketi. Lakini Mkinga akiingia tu na kumwita "mdogo wangu", kijana anakuwa mwana-kondoo. Sista, Mwingereza aliyeiongoza nyumba ile, alizoea kutuambia sote, "Tazameni Mkinga anavyofanya." Mimi nilitazama. Nilitazama mpaka macho yakaniuma, na kifua kikanichemka kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Kisha akaletwa mgonjwa mpya, kijana mwembamba kutoka Makete, na tangu hapo yule wetu wa Kibena akaharibika kabisa. Karibu kila asubuhi, wakati wa uji, alipiga mtu. Mabakuli yaliruka, uji mwingine ulifika darini na naamini uko huko mpaka leo. Ngumi niliyopigwa mimi ilisikika Lupembe. Kila mtu akawa na maelezo yake. Mpishi alisema ni mwezi. Dereva alisema ni mashetani. Sista alisema ugonjwa umepanda: akipiga tena, atapelekwa hospitali kubwa ya serikali, mbali sana, ambako hatukumjua hata mmoja aliyerudi kutueleza kukoje.

Akapiga tena.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu juu huku salamu si neno moja. Unamuuliza mtu nyumbani, unamuuliza shambani, unamuuliza ng'ombe na mguu wa bibi. Kumsalimia kwa neno moja ni kumwambia apite zake. Lakini ndani ya nyumba ile tulijiwekea desturi kwamba mgonjwa asiulizwe kwao, tusije tukamtonesha. Asubuhi tunaingia, tunawatupia wote "hamjambo" moja, tunagawa uji. Tuliona ni huruma. Mkinga naye alifanya hivyo, mpaka alipokuja yule wa kwao. Hapo ulimi ukamshinda. Kila asubuhi akawa anakaa kitandani kwake, wanasalimiana kwa Kikinga, viazi, ngano, shangazi, mbwa, kicheko juu ya kicheko. Mimi niliyaona yote, kwa kuwa nilikuwa natafuta kosa la kumshitaki.

Basi tukampeleka kijana Makambako kwa Landrova, Sista, Mkinga na mimi, kumkabidhi kwa lori la serikali. Makambako ya siku hizo ilikuwa njia panda tu, maduka machache na vumbi la kutosha nchi mbili. Tulikaa kwenye benchi la mwuza chai. Kijana ameshika pindo la koti la Mkinga.

Akapita mama wa Makete na kapu la viazi. Mkinga akainuka mbio. Pindo likachomoka. Wakaanza Kikinga chao, nyumbani, shambani, kicheko. Nikaona mkono wa kijana unashuka chini, unaokota jiwe.

Nikamkamata. Ilikuwa kama kukamata tingatinga.

"Unataka kumpiga nani?"

"Yule mama."

"Amekufanya nini?"

"Yeye anaulizwa kwao."

Nikaelewa palepale, kwa sababu mimi mwenyewe jiwe la kumrushia yule mama nilikuwa nimeshalichagua: tangu nianze kazi ile, hata mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kwetu. Lakini nikisema nililoelewa, nitakuwa nimetangaza kwamba kijana hataki dawa wala blanketi, anamtaka Mkinga. Nikamshikilia tu mpaka chai ikapoa. Lori likaanza kunguruma kwa mbali.

"Mkinga!" nikaita. "Rudi umsalimie kijana."

"Si tulisalimiana asubuhi?"

"Ile ya kumwagia kuku mtama? Msalimie kama mtu. Muulize kwao."

"We bwana, Sista akisikia..."

"Sista anasikia," akasema Sista.

Mkinga akachuchumaa mbele ya kijana, akamsalimia kwa Kibena. "Kamwene, mdogo wangu."

"Kamwene."

"Nyumbani hawajambo?"

"Sijui. Hajaja mtu."

"Na mama?"

"Nilimwacha anaumwa mguu."

"Upi?"

"Wa kushoto." Machozi yakamtoka, lakini jiwe bado liko mkononi.

"Na ng'ombe je?"

"Tuna fahali," kijana akasema, na ili aonyeshe upana wa pembe zake ilibidi atumie mikono yote miwili. Jiwe likaanguka.

Lori likasimama. "Haya, mgonjwa yuko wapi?" dereva wake akauliza.

Sista alimtazama kijana, mikono yake bado imetanuka hewani. "Leo hasafiri mtu," akasema. Kisha akanigeukia. "Umejuaje wewe?"

"Sista, naumwa ugonjwa huohuo. Ila mimi sijaanza kurusha."

Akacheka mpaka akashika benchi. Nikajiweka sawa kupokea sifa. Akamwambia Mkinga, "Kazi nzuri sana. Kesho asubuhi utaanza kwake, kisha wengine wote mmoja mmoja."

Tulirudi Njombe kijana amekaa mbele, kati ya Sista aliyeendesha na Mkinga, anaelezea fahali wao. Mimi nilikuwa nyuma na furushi lake na viazi ambavyo yule mama alimzawadia Mkinga. Fahali aliendelea kukua njia nzima. Tulipokaribia mjini alikuwa ameshaizidi Landrova.

"Hata kwetu tuna fahali!" nikapaza sauti.

Hakuna aliyegeuka.