Risasi Lala, Mazuku Simama

Enzi zetu, watoto wa Goma tulifundishwa namna ya kutokufa kabla hatujafundishwa kugawanya. Najua, nina miaka ishirini na sita tu, na msichana wa umri wangu akisema "enzi zetu" wazee hucheka. Lakini ninyi mliokaa nami kwenye mbao zile zilizolazwa juu ya mawe ya volkano mkaziita madawati, mtanielewa. Sisi tulizeeka mapema, halafu tukabaki wafupi. Mimi hasa.

Volkano iliposhuka mjini nilikuwa na miaka miwili. Hata hivyo naikumbuka vizuri sana, kwa sababu mama ameisimulia mpaka ikawa yangu. Naweza hata kuwarekebisha waliokuwa watu wazima wakati ule. Nilipoanza shule, ule moto ulikuwa umekwisha kuwa sakafu. Shule yetu ilijengwa juu yake kwa mbao, na paa lilikuwa la shitingi, yale maturubai ya plastiki. Mvua ikinyesha hakuna aliyesikia kitu, kwa hiyo mwalimu alinyamaza, nasi tukakaa tukinusa moshi wa makaa na samaki wadogo wa sambaza waliokuwa wakikaangwa ng'ambo ya barabara. Kwenye mapumziko wasichana walicheza nzango, wakirushiana miguu na kupiga makofi. Mimi sikucheza. Nilihofia kuanguka juu ya mawe yale makali, lakini zaidi nilihofia kukosea mguu. Nilisimama kando nikiwahesabia wengine makosa yao, na sielewi mpaka leo kwa nini sikuwa na marafiki wengi.

Mwalimu wetu wa mwaka wa tatu alikuwa Madamu Furaha, mama mwembamba wa kutoka Rutshuru, aliyevaa koti moja la kijivu jua na mvua. Kila Ijumaa, masomo mengine yakiisha, alifunga kitabu na kusema, "Sasa tujifunze kuishi." Somo lile halikuwa na kitabu, na jambo hilo lilinitesa, kwa maana sikujua mahali pa kulisomea mapema ili niwe wa kwanza.

Tulianza na mikono. Kipindupindu kilikuwa kikija mjini kama jamaa asiyepiga hodi, na Madamu alitufundisha kunawa huku tukiimba: kiganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kucha. Wenzangu waliimba wakanawa wakaenda zao. Mimi niliimba wimbo mzima, na nikikosea neno moja nilianza upya, mpaka ngozi ikabanduka. Mama, aliyepandisha maji kutoka ziwani kwa dumu la bidoni mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso, alinitazama siku moja akashika kiuno.

"Masika, maji hii nimeitoa ku ziwa na hii kichwa yangu. Unaimalizia ku vidole tu? Sufuria itakunywa nini?"

Baada ya mikono likaja somo la kusema hapana. Madamu aligeuza koti lake nje ndani, akavaa kofia ya mlinzi wa shule, akawa mtu mbaya. Alizunguka darasani kwa mwendo wa kunyata akisema kwa sauti nzito, "Njo hapa, mutoto muzuri, nitakupatia pipi. Usimuambie mama." Kila mtoto aliyefikiwa alitakiwa kupiga kelele "Hapana!" na kukimbilia mlangoni. Watoto walipenda mchezo ule kuliko mpira. Kwa mara moja katika maisha yao waliruhusiwa kumfokea mwalimu, na wengine walimfokea hata kabla hajawafikia. Alipofika kwangu nilisimama, nikakunja mikono kifuani kama tulivyozoeshwa, nikasema, "Hapana, tafadhali, Papa."

Madamu alivua kofia. "Masika, ule mutu amekwisha kukubeba. Mumefika Rutshuru. Na weye ungali unamuambia tafadhali?"

Darasa zima lilicheka. Kisha akatuambia jambo ambalo mpaka leo nalisikia kwa sauti yake, kwamba kumheshimu mzee si kumwachia akuumize, na kwamba mtu mzima akifanya kosa, kosa ni lake, si la mtoto aliyepiga kelele. Nilielewa kila neno. Tatizo langu halikuwa kuelewa. Tatizo lilikuwa koo.

Ijumaa nyingine alitufundisha mazuku. Kwa wale ambao hamkukulia upande wetu: ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kule Keshero na hasa kuelekea ziwa dogo la Lac Vert. Huioni na haina harufu. Ni nzito, hivyo hutulia mashimoni kama maji, na anayeingia humo husikia usingizi, akilala haamki. Madamu alisema tutaitambua kwa ndege na vipepeo waliokufa bila jeraha, na kwa moto, kwa sababu ndani ya mazuku kiberiti hakiwaki. Kisha akatupanga kwa urefu na kupitisha rula ndefu ya ubaoni usawa wa mbavu zake. "Hewa imefika hapa. Nani angali anapumua?" Wale warefu walijipiga vifua. Rula ilipofika kwangu ilipita juu ya nywele bila kuzigusa.

"Masika amekufa," alisema Madamu.

Nilikuwa wa kwanza darasani katika hesabu, katika kusoma na katika mwandiko. Sasa nilikuwa wa kwanza hata katika kufa.

Akatufundisha kwamba kwenye mazuku mtoto hubebwa juu kabisa, mabegani, na kwamba asiyeshikwa na hewa asiingie shimoni kumwokoa mwingine, maana watakuwa wawili. Tangu siku ile sikumbeba tena mdogo wangu Muhindo mgongoni kama wasichana wote wanavyobeba watoto. Nilimpandisha mabegani. Alikuwa na miaka mitatu na alikula vizuri, kwa hiyo nilitembea uani nikiyumba kama chikudu, baiskeli yetu ya mbao, iliyobakiwa na gurudumu moja, naye akinishika masikio. Majirani walitoka nje kutazama. Mama alicheka mpaka akakalia bidoni.

"Sawa, yeye umemupandisha juu. Na weye mufupi, nani atakubeba?"

Hilo nalo lilinikosesha usingizi.

Wakati huo vita vilikuwa vikikaribia. Waasi walikuwa upande wa Rutshuru, na kila jioni watu wazima walizima redio tukiingia chumbani, halafu wakauliza kwa nini tuna wasiwasi. Madamu, ambaye ndugu zake walikuwa huko huko, akaongeza somo la risasi. Ukisikia risasi, lala chini, shavu kwenye udongo, usiinuke. Tukatunga wimbo wa kupiga makofi: risasi lala, mazuku simama. Alipopiga meza tulilala chini ya mbao, aliposema mazuku tuliruka juu yazo. Ilikuwa Ijumaa ya furaha kupita zote, ila kwangu. Niliinua kidole. Wengine waliinua kidole huku wakikitikisa hewani, "Miye, Madamu! Miye!" Mimi nilikiinua kimyakimya na kungoja nipewe ruhusa, hata kama ingechukua mchana mzima.

"Ndiyo, Masika."

"Madamu, na kama risasi inapigwa pahali kuko mazuku?"

Madamu Furaha akatazama dirishani upande wa kwao. Halafu akasema polepole, "Hapo, mwanangu, utatumia kichwa."

Jibu lile halikunisaidia. Kichwa changu ndicho kilichokuwa kimeuliza.

Haikupita muda tukakimbia. Waasi walisemekana wamefika karibu kabisa, na mji mzima ukamwagika kwenye barabara ya Sake, godoro juu ya kichwa, mbuzi kwa kamba, jiko likiwa lingali na majivu ya moto. Baba alikuwa safarini Butembo. Tulikuwa na baba mdogo Kasereka, aliyekuwa amefika Goma kutoka Butembo juzi tu na vitunguu vyake vya kuuza, na hakujua barabara ile hata kidogo. Mama alibaki nyuma kidogo kufunga godoro lililokatika kamba. "Musisimame mbali," alisema. Tulikuwa tumefika upande wa Lac Vert risasi ziliposikika nyuma yetu, tatatata, na watu wote wakajitupa pembeni mwa barabara.

Baba mdogo alimnyakua Muhindo akaruka naye katika shimo pana lenye majani mazuri ya kijani. Kwa mtu wa Butembo lilikuwa shimo zuri sana. Risasi isingefika humo. Alimlaza Muhindo chini kabisa, akachuchumaa kando yake, akaniita.

"Weye Masika! Ingia huku, haraka! Lala!"

Nilifika ukingoni nikaona vipepeo wawili wamelala juu ya majani, na pembeni yao ndege mdogo, amekunja miguu kama anayesali. Nikasimama. Risasi zikalia tena. Nikalala. Nikawaona tena wale vipepeo. Nikasimama. Mwishowe nilikaa nusunusu, si kulala si kusimama, magoti yamekunjwa, kama mtu aliyetaka kwenda haja akaghairi. Na katika hali hiyo, Mungu anisamehe, niliinua kidole.

Nakuapieni, niliinua kidole nikangoja nipewe ruhusa.

Baba mdogo hakuwa akinitazama. Alitoa sigara ili ajitulize. Aliinama, akawasha kiberiti katikati ya magoti. Kikazimika. Akawasha kingine. Kikazimika. "Hii kiberiti ni ya uongo," alinung'unika, "hapa Goma munauziwa bintu gani?" Cha tatu hakikutoa hata cheche. Pembeni yake Muhindo, ambaye dakika chache kabla alikuwa akilia kwa sauti ya kuamsha mji, alipiga mwayo mrefu akafumba macho. Hakuna mtoto anayelala usingizi risasi zikilia. Kidole changu kilikuwa kingali juu.

Sijui kichwa kilifanya kazi wakati gani. Najua tu kwamba koo lilifunguka na sauti ikatoka ambayo sikuwahi kuisikia kwangu, nikimfokea mtu mzima, mdogo wa baba yangu.

"Hapana! Hapana, Papa Kasereka! Mazuku! Mubebe mutoto juu! Mupandishe ku mabega, toka mule!" Halafu, kwa sababu mimi ndiye mimi, nikaongeza, "Tafadhali!"

Aliniangalia kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali. Kwa muda nilidhani atanitukana, na muda ule ndio mrefu kuliko yote niliyowahi kuishi, maana Madamu alinikataza kuingia na nilitaka kuingia. Kisha akakiangalia kiberiti, akamwangalia mtoto, akasimama. Alimwinua Muhindo kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, na miguu yake ikayumba alipopanda ule ukingo. Tulijitupa watatu kwenye mawe ya kando ya barabara, mahali pa juu, bila kificho chochote. Muhindo alikuwa mzito na laini. Nilimpiga mgongoni, nikamwita, nikampiga tena. Akakohoa. Akafungua macho, akanitapikia kifuani, akaanza kulia, na hakuna wimbo uliowahi kunipendeza kama kilio kile.

Risasi, tulikuja kuambiwa, zilikuwa za askari waliokuwa wakipiga hewani ili wapate njia. Mama alitufikia na godoro lake, akaona matapiko, akaanza kunigombeza kwa kuchafua nguo pekee niliyokuwa nayo. Baba mdogo alimweleza. Mama aliketi juu ya lile godoro katikati ya barabara, watu wakimpita kulia na kushoto. Baba mdogo anaisimulia mpaka leo huko Butembo, na kila mwaka anakuwa shujaa zaidi. Mazuku aliigundua mwenyewe, kwa ujuzi wa kiberiti. Mimi nimo kidogo, kama mtoto fulani aliyekuwa akipiga kelele. Simsahihishi. Afadhali hivyo kuliko asimulie kile kidole.

Shule ilipofunguliwa tena tulipata mwalimu mwingine. Madamu Furaha alikuwa amekwenda Rutshuru kutafuta watu wake, na sikupata kumwambia kwamba swali langu lilikuja kuulizwa kweli. Mwalimu mpya alitufundisha kugawanya.

Miaka ikapita, volkano ikashuka tena, na mara hii ikawa yangu kwa haki. Tulipoambiwa tuondoke mjini tuliishika barabara ile ile ya Sake. Vijana wa leo, jamani! Sisi tulikimbia na majiko, wao wamekimbia na chaja. Nilimwona mmoja amegeuzia moto mgongo, anatabasamu, anatafuta pembe ya kujipiga picha. Muhindo, ambaye sasa ananizidi kichwa na nusu, alitembea mbele yangu akiandika kwenye simu yake kana kwamba anakwenda kununua mkate. Nilikuwa nikimlaumu kwa hilo, kwa sauti ya mama yetu kabisa, tulipofika upande wa Lac Vert. Watu walikuwa wamechoka, wameketi kando ya njia. Mtoto wa jirani yetu alikuwa ameteremka kwenye ukingo wa shimo lenye majani ya kijani, anachuma maua.

Nilisimama. Na nilipotazama, mkono wangu ulikuwa umeanza kupanda.

Muhindo hakuacha hata kuandika. Alinyoosha mkono mmoja, akamkamata yule mtoto kwa shati kabla hajatia mguu shimoni, akamweka mabegani, akaendelea kutembea.

"Nani alikufundisha hivyo?" nilimuuliza nilipomfikia.

Alishangaa. "Weye! Si ulikuwa unanibeba hivi kila siku? Miye nilizani ni muchezo." Akanitazama kuanzia juu, na hapo si mbali, mpaka chini, akacheka kicheko cha mama. "Lakini na weye, dada, ungali mufupi vile vile. Nani atakubeba?"

Enzi zetu somo la kuishi lilikuwa la Ijumaa tu, likiisha tunakwenda kula muhogo na karanga. Leo watoto wa mji wetu wanalisoma kila siku, chini ya shitingi zile zile, na sioni Madamu wa kutosha. Ningependa siku moja warudishiwe Ijumaa yetu, ibaki na somo moja tu, la kunawa mikono. Hilo ningeweza kuwafundisha mimi mwenyewe. Tungechelewa kutoka, najua, maana ningewaanzishia wimbo upya kila wakikosea.