Ua Jeupe la Mwenyekiti Gil-nam

Pyo Gil-nam alizaliwa na mdomo, akili ikachelewa njiani. Babu yake alikuwa akipanda kilima cha kijiji chetu cha Sutgol na kugonga upatu kila palipokuwa na jambo. Baba yake, alipokuwa mwenyekiti wa kijiji, alifunga vipaza sauti juu ya nguzo, tukawa tunaamshwa alfajiri na kikohozi chake kabla ya tangazo lenyewe. Tulinung'unika, lakini tukiitwa tulikwenda.

Gil-nam aliporithi kiti, vipaza sauti aliviuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akatuingiza sote kwenye kundi la simu, akatuketisha ukumbini kutufundisha kubonyeza, wazee wazima kama watoto wa chekechea.

"Mama Gyeong-tae," aliniambia, "kuzunguka milangoni mwa watu ni ushamba. Mtu akifiwa unabonyeza hapa, picha ya ua jeupe la rambirambi inakwenda. Kwisha!"

"Na maiti atabebwa na hilo ua?"

"Ah, una maneno wewe!"

Wakacheka ukumbi mzima, wajinga wale.

Mume wangu alipofariki, Gil-nam, ambaye paa lake naliona kutoka jikoni kwangu, alinitumia ua. Supu ya msiba alikuja kunipikia mama yake, Bibi Sun-rye, na mgongo wake ule uliopinda. Nilimdharau Gil-nam siku ile na sijaona sababu ya kuacha.

Kisha Bibi Sun-rye naye akafa. Alikuwa ameusia jambo moja tu: asipelekwe mjini kwenye kumbi za maiti, abebwe kwa machela ya kijiji, yale ya maua ya karatasi, mabegani mwa watu wa Sutgol hadi kilimani alipolala mumewe. Gil-nam akatangaza kwenye kundi. Maua yakamiminika.

Asubuhi ya maziko machela yalikuwa uani, na mabega yalikuwa mawili: lake na la shemeji yake mlevi. Akaja kwangu mbio, nguo ya katani ya msiba imemkaa upande.

"Mama Gyeong-tae, watu wako wapi?"

"Kwani hawajakujibu?"

"Wamejibu wote!"

"Basi. Kwisha!"

Akakaa kizingitini akalia kwa sauti. Sikumhurumia hata kidogo. Lakini nilikumbuka ile supu, nikamwambia akatafute upatu wa babu yake.

Aliugonga kilimani vibaya, kama mtu anayefukuza kuku. Hata hivyo wanaume wakatoka, mmoja bado anatafuna wali, wakainama chini ya machela wakaimba. Bibi Sun-rye akapanda kilima kama alivyotaka.

Jioni, matope hayajakauka viatuni mwetu, simu zikalia kijiji kizima. Gil-nam alikuwa anatushukuru. Alituma ua.